Mwacheni Ndugu Akae na Mgonjwa Wake

Ijumaa iliyopita, hapa Kilwa Kivinje, nilimsikia msemaji mmoja mwenye elimu yake akitunasihi tusikereke tunapozuiwa kuingia katika chumba cha wagonjwa mahututi, eti ndugu ndio waletao vijidudu. Watu waliafiki, mimi nilighadhibika, na ghadhabu hiyo haijanitoka.

Dhana hiyo ni batili. Vijidudu husafiri kwa mikono, na mikono inayozunguka kutoka kitanda hiki hadi kile si ya mama aliyekuja kumshika mwanawe mmoja, bali ni ya watumishi. Tabibu Ignaz Semmelweis alilidhihirisha jambo hili mjini Vienna mwaka 1847, alipowaamuru matabibu wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuwa wakijifungua, na vifo vikapungua upesi. Mwaka 2006 matabibu wa Florence, Italia, walitangaza kwamba walipowaruhusu ndugu kuingia bila kubanwa na saa, maambukizo hayakuzidi, na madhara ya moyo yalipungua. Dawa, basi, ni kunawa mikono, si kufunga mlango.

Wengine husema ndugu watalia na kuwashtua wagonjwa. Hoja dhaifu iliyoje! Mitambo ya chumba kile hulia usiku kucha, wala hakuna aliyewahi kuitoa nje.

Mgonjwa wa kwetu akizidiwa hupewa rufaa hadi Lindi au Dar es Salaam, kwa barabara ambayo Mei 2024 ilikatika Somanga wasafiri wakakwama; na jamaa aliyekopa nauli, akichelewa saa ya kutazama wagonjwa, mlinzi humfukuza kama mwizi. Lakini damu ikihitajika, huitwa yeye. Dawa ikikosekana, hupewa yeye karatasi akanunue nje. Mkono wake wafaa kutoa damu na fedha, haufai kumshika mgonjwa wake!

Marehemu mjomba wangu alikata roho katika chumba cha namna hiyo, nasi tuko nje ukutani tukimsomea Yasini kwa kunong'ona, asiwepo hata mmoja wetu wa kumlakini shahada. Kumzuru mgonjwa ni haki yake katika dini yetu. Nani aliyempa bawabu mamlaka ya kuibatilisha?

Nataka kanuni moja: ndugu mmoja kwa zamu, usiku na mchana, aliyenawa na kuvaa vazi safi, akae kando ya kitanda. Na wakuu wa hospitali wanaoogopa vijidudu kwa dhati watie maji na sabuni wodini kabla ya kuajiri mlinzi wa mlango.