Neno "Pombe" Linaficha Mengi

Kila yanapotokea maafa ya ulevi nchini, msamiati wetu hukunjwa ukawa neno moja. Mwezi wa Februari 2024, watu zaidi ya kumi walipofariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa kileo chenye sumu, ilisemwa redioni, magazetini na hata katika nyumba za ibada kwamba pombe haramu imeua. Ndivyo ilivyosemwa Mei 2014, makumi ya watu walipoangamia katika kaunti kadhaa. Ndivyo ilivyosemwa pia Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walipopoteza maisha jijini Nairobi na wengine wakabaki vipofu. Sikatai kwamba uharamu ulikuwapo. Swali langu ni jingine: je, kilichoua ni pombe?

Mwalimu wa kemia atakujibu kwamba katika maafa ya namna hii muuaji aghalabu ni methanoli, kemikali ya viwandani itumiwayo kuyeyushia rangi na kuundia kemikali nyingine. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, asidi iliyopewa jina hilo kutokana na sisimizi. Mililita 10 zaweza kumpofusha mtu, na 30 zaweza kumuua. Nafaka iliyochachushwa mtungini haizai methanoli ya kiasi hicho; huzaa ethanoli. Methanoli hutiwa na mkono wa mtu mwenye tamaa ya faida ya haraka. Basi tunapoweka busaa ya Kakamega, tembo la mgema wa Kilifi, bia ya kiwandani na maji ya sumu katika kapu moja liitwalo "pombe haramu" au "pombe" tu, tunamficha muuaji miongoni mwa wasiohusika.

La kushangaza ni kwamba Kiswahili hakikuwa na umaskini huu. Kamusi zetu zina kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa ili itumiwe kupikia pombe. Zina chachu na hamira, zina machicha yabakiayo baada ya kukamua, zina togwa, kinywaji kitamu cha nafaka na kimea ambacho hakijawa kileo. Zina dengelua, pombe ya miwa. Tembo la mnazi lina mgema wake, na mgema ana methali yake: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimu huifundisha methali hii kama onyo dhidi ya sifa, na ni sawa. Lakini isikilizeni tena kwa sikio la mnywaji. Waliyoitunga walikuwa na hofu ile ile tuliyo nayo sisi, kwamba muuzaji atatia chomboni kitu kisichostahili kuwamo. Tofauti ni kwamba mgema wao alitia maji.

Chukueni neno "bia". Kila mtu ajua kwamba tumelitwaa kutoka Kiingereza, na wengi huishia hapo. Ila Waingereza wenyewe walikuwa na majina mawili. Kinywaji chao cha kale cha shayiri, kisichotiwa kiungo cha hopsi, kilikuwa na jina lake, "ale". Katika karne ya 15 ndipo kinywaji chenye hopsi, kilicholetwa na wafanyabiashara na wapishi kutoka Uholanzi na Flanders, kilipoenea kwao na kutofautishwa kwa jina "beer". Hata sasa, ingawa mpaka huo umefifia huko, neno lililotufikia sisi ni la kinywaji cha hopsi. Kwa hiyo anayeita busaa "bia ya kienyeji" anateleza kidogo, na anayeita kila kileo "bia" anateleza zaidi. Bia ni pombe ya kimea iliyotiwa hopsi. Maana hiyo ni finyu, na ufinyu wake ndio manufaa yake.

Nimeandika "hopsi" makusudi. Wapo watakaotaka tubuni istilahi ndefu yenye maneno matatu. Lakini wazungumzaji wa Kiswahili walikwisha kuamua jambo hili jikoni walipoita viazi vya kukaanga "chipsi", wakaibeba alama ya wingi ya Kiingereza pamoja na mzizi, wakaongeza irabu mwishoni. Hopsi ni maua ya mmea utambaao, wa ukoo mmoja na bangi (wanafunzi wasichangamke, haina ulevi wa bangi). Mmea huu hutaka siku ndefu za kiangazi zinazopatikana mbali na ikweta, ndiyo maana shayiri yetu hulimwa Narok na Timau ilhali hopsi huja kwa meli. Afrika Kusini hulima yake karibu na mji wa George, na hata huko ilibidi wazalishe aina zinazovumilia siku zilizo fupi kuliko za Ulaya.

Maadam bia ya hopsi si ya asili yetu, tuwatazame wanaoipika nyumbani kwao ili tuone ujuzi unavyoweza kutoka gizani. Nchini Marekani upishi wa bia nyumbani ulikuwa umeachwa nje ya sheria tangu marufuku ya vileo iliyodumu toka 1920 hadi 1933. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyouruhusu, kwa kipimo: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, na isiuzwe. Mwaka huo huo Charlie Papazian, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Boulder, Colorado, na ambaye alikwisha kuwa akifundisha majirani upishi huo, alishiriki kuanzisha chama cha wapishi wa nyumbani. Ken Grossman, naye mpishi wa nyumbani, akafungua kiwanda kidogo huko Chico, California, mwaka 1980, akaipa sifa hopsi ya aina ya Cascade yenye harufu ya balungi. Wakati ule viwanda vya bia katika nchi ile nzima havikufika 100. Kufikia 2020 vilikuwa zaidi ya 8,000. Sitaji haya kwa kutamani viwanda 8,000 hapa. Nayataja kwa sababu ujuzi uliokuwa wa kunong'onezana uliandikwa, ukafundishwa, ukawa na maneno yake.

Je, maneno hayo yanaweza kusemwa kwa Kiswahili? Tujaribu. Mpishi anayetaka lita 20 za bia yenye hopsi nyingi huponda kilo 5 hivi za kimea cha shayiri, akakiloweka katika maji ya nyuzi 65 hadi 67 za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Vimeng'enya vya kimea huigeuza wanga kuwa sukari. Hukamua, akabaki na maji matamu ambayo Waingereza wana neno lake maalumu. Nasi tunalo, ni togwa, ingawa ya kwetu ni nzito na huliwa na mtoto. Togwa hiyo huchemshwa saa nzima. Hopsi inayotiwa mwanzoni mwa mchemko hutoa uchungu, kwa kuwa asidi zake hubadilika umbo kwa joto ndipo ziyeyuke. Inayotiwa mwishoni huacha harufu, maana mafuta yake hayajapata nafasi ya kuruka na mvuke. Kisha hupozwa hima hadi nyuzi 20, ikatiwa chachu, ikaachwa wiki moja au mbili. Apendaye harufu kali hutia hopsi nyingine baada ya kuchacha, bila moto. Wala isianikwe juani: mwanga huvunja vile vitu vya uchungu vikazaa harufu ya kicheche, na hiyo ndiyo sababu ya chupa za rangi ya kahawia. Naona hapakuwa na pengo lililotushinda kuziba.

Sehemu ngumu ni pipa, na hapa Wakenya tuna la kusema. Mwaka 2004 ilianzishwa nchini bia ya bei nafuu iitwayo Senator, ikiuzwa kwa mapipa ya chuma na kusamehewa ushuru ili wanywaji wenye kipato kidogo waache vileo vya sumu. Pipa hilo huitwa "kegi", na punde si punde jina la chombo likawa jina la kinywaji: mtu husema amekunywa kegi, kama tusemavyo tumekula sahani mbili. Msamaha ule ulipopunguzwa mwaka 2013 bei ilipanda na mauzo yakaporomoka. Mwaka 2015 ukarudishwa kwa sehemu kubwa. Sitadai kwamba vifo vya 2014 vilisababishwa na kodi, ila mtunga sheria hana budi kujiuliza maskini alihamia wapi.

Neno "kegi" likishakuwa jina la kinywaji, chombo chenyewe husahauliwa, na chombo ndicho kinachoamua. Mpishi wa nyumbani huko Marekani hutumia mapipa ya lita 19 hivi yaliyotengenezwa zamani kwa ajili ya soda. Pipa hilo lina mlango mdogo wa kuingizia gesi na mrija mrefu ufikao chini wa kutolea bia, kila mmoja na vali yake, na vyote hubanwa kwa pete za mpira. Pete hizo hushika harufu ya soda iliyokuwamo, hukauka na kupasuka, kwa hiyo hubadilishwa. Kabla ya kufungua kifuniko sharti shinikizo lote litolewe, la sivyo kitaruka usoni. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kama tufanyavyo kwa mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi ya kaboni dayoksaidi huzidi hewa kwa uzito, hutuama chini, na katika chumba kisicho na dirisha huweza kuua mtu bila kumwonya.

Ama kuhusu usafi, wapishi wengi huanguka hapa. Kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili, na ya pili haifui dafu pasipo ya kwanza, kwani vijidudu hujificha chini ya uchafu. Utomvu wa hopsi na mabaki ya protini huondolewa kwa kitu cha alikali. Kabonati ya sodiamu, ile inayochimbwa katika Ziwa Magadi, ni ya jamii hiyo. Alikali peke yake haifai kwa ule ukoko mgumu wa kalisi unaojijenga ukutani mwa pipa, ambao hutaka asidi. Klorini huila hata chuma cha pua, na ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya sumu. Mirija ya kutolea bia husafishwa kila baada ya wiki mbili, ama sivyo bia itaanza kuonja siki au siagi. Kwa bia ya hopsi kuna adui wa ziada, nayo ni oksijeni: hewa kidogo tu iliyobaki pipani huua ile harufu katika siku chache, na rangi ikageuka kahawia. Kwa hiyo fundi hulijaza pipa maji yenye dawa hadi juu, kisha akayasukuma nje kwa gesi, ndipo aingize bia.

Najua watakaoniuliza kama haya yanafaa kusomwa na wanafunzi. Sheria yetu ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, nami naiunga mkono. Kwa Waislamu na Wakristo wengi kileo ni haramu kabisa, na hoja yangu haimwombi yeyote aonje. Lakini kunyamaza si sawa na kukataza. Sheria hiyo hiyo ya 2010 iliweka tofauti ambayo lugha yetu ya kila siku haijaifikia: ilifuta sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, ikairuhusu itengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Tangu hapo uharamu haumo katika jina la kinywaji, umo katika namna kilivyotengenezwa na kuuzwa. Kijana anayesikia tu kwamba "pombe huua" humwona mjomba wake akinywa muratina kila arusi na kuamka salama, naye hukata shauri kwamba wakubwa ni waongo. Huyo ndiye atakayeinywa methanoli bila wasiwasi.

Isitoshe, sayansi mnayoifundisha imelelewa na wapika bia. Kipimo cha pH kilibuniwa na Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, Denmark. William Gosset, aliyetunga mwaka 1908 mtihani wa takwimu unaojulikana kwa jina lake la siri "Student", alikuwa mwajiriwa wa Guinness, Dublin. Pasteur aliandika kitabu kizima kuhusu bia mwaka 1876.

Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kileo hata tone. Apike na wanafunzi uji mzito, aupoze hadi uvumilike kwa ulimi, agawe mafungu mawili, na moja alichanganye na kimea cha wimbi. Baada ya saa moja mahali penye vuguvugu, lenye kimea litakuwa limelainika na kuwa tamu ingawa hakuna sukari iliyotiwa. Wachukue tone la kila fungu, na kwa kila moja watie tone la iodini kutoka maabara. La uji mtupu litageuka buluu iliyokoza karibu na weusi. La togwa litafifia kwa kadiri wanga ulivyokwisha. Kisha wakae na mwalimu wa Kiswahili, waandike walichokiona, kila kitu kwa jina lake.