Rivatex Miaka 50: Tusimsahau Nambari Tisa

Rivatex ilianzishwa hapa Eldoret mwaka 1976, kwa hiyo mwaka huu inafikisha nusu karne. Hotuba zitatolewa, keki itakatwa, na kila mgeni rasmi ataisifu pamba. Na asifu. Si viwanda vingi Afrika Mashariki vinavyoichukua pamba kutoka kwa mkulima na kuifikisha kuwa kitambaa ndani ya ua mmoja: kusokota nyuzi, kufuma, kutia rangi, kuchapa maua. Mwaka 2020, Korona ilipobisha hodi, cherehani za hapo zilishona barakoa wakati nchi nzima ilikuwa inazitafuta.

Meza hii ya uhariri, hata hivyo, inataka kuinua kikombe kwa jambo jingine ambalo tunachelea litakosa nafasi kwenye ratiba ya sherehe. Tunataka kuuzungumzia mpira wa Rivatex, na hasa yule mfanyakazi aliyevaa jezi nambari tisa.

Eldoret inajiita mji wa mabingwa, na bingwa anayekusudiwa ni mkimbiaji. Mgeni hamalizi kikombe cha kwanza cha chai kabla hajasimuliwa habari za Kipchoge Keino. Hatuna ugomvi na hilo. Ila uwanja wenyewe uliopewa jina la Keino haukuwa wa riadha peke yake. Timu ya Rivatex ilicheza ligi kuu ya taifa, ikatwaa Kombe la Moi mwaka 1990, kisha ikalitwaa tena kabla muongo ule haujaisha. Majirani zao, Eldoret KCC, watu wa maziwa, nao wakalichukua katika miaka hiyohiyo ya tisini. Timu mbili za viwanda, mji mmoja, na mashabiki wa timu kubwa za Gor na Ingwe wakalazimika kuupanda mlima huu kwa adabu.

Timu ya kiwanda ilikuwa na siri moja nayo ni mshahara. Mshambuliaji wa timu ya shirika aliajiriwa kama karani, fundi au mwendesha mashine. Asubuhi alipiga saa kazini kama wenzake, alasiri akaruhusiwa kwenda mazoezini. Mwisho wa mwezi alilipwa, awe amefunga mabao matatu au amekosa penalti. Goti likigoma akiwa na miaka ishirini na tisa, kazi ilikuwa inamngoja palepale alipoiacha. Hakuwa tajiri, lakini alilipa kodi ya nyumba, na watoto wake walienda shule. Hivyo ndivyo walivyoishi wachezaji wa Kenya Breweries, wa Pan Paper kule Webuye, na wa sukari Mumias na Nzoia. Tukisema soka ya Kenya ilijengwa na viwanda hatutakuwa tumetia chumvi.

Atakayedhani huu ni ushamba wa Afrika, tunamwomba atutazamie Poland, na huko amtazame mshambuliaji mmoja aitwaye Grzegorz Lato. Alijiunga na Stal Mielec akiwa mvulana mwaka 1962. Mielec ni mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Poland, na Stal ilikuwa timu ya kiwanda cha ndege cha mji huo. Lato alibaki pale hadi 1980. Katika muda huo alikuwa mfungaji bora wa ligi mara mbili, 1973 na 1975, na timu ya kiwanda ikawa bingwa wa nchi mara mbili, 1973 na 1976. Kombe la Dunia la 1974 huko Ujerumani Magharibi lilimpata akiwa bado mtu wa kiwanda: alifunga mabao saba, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote, likiwemo lile moja lililoilaza Brazil na kuipa Poland nafasi ya tatu.

Huo mwaka 1976 tuutazame kidogo, maana ndio mwaka wetu. Hapa Rivatex inaanzishwa. Kule Mielec wafanyakazi wa kiwanda cha ndege wanatwaa ubingwa, na miezi michache baadaye wanaikaribisha Real Madrid nyumbani kwao katika Kombe la Ulaya. Walifungwa, lakini kwa tofauti ya bao moja tu. Kiangazi cha mwaka huohuo Lato alikuwa Montreal, akaifungia Poland bao katika fainali ya Olimpiki iliyopotea mbele ya Ujerumani Mashariki. Michezo ile Kenya haikushiriki. Tulijitoa pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Mike Boit, mtu wa pande hizi, alibaki bila mbio zake za mita 800. Kususia kulikuwa haki. Bado wazee wa hapa wakikumbushwa mwaka ule hutikisa kichwa.

Serikali ya Poland haikuwaachia wachezaji kwenda nje mpaka umri usonge. Lato alikuwa na miaka 30 alipopewa ruhusa ya kujiunga na Lokeren ya Ubelgiji. Tunaona ubaya wa mpango huo: mtu aliyekuwa na thamani kubwa alifungiwa ndani miaka yake bora yote. Kiwanda kinachomlea mchezaji kinaweza pia kumfanya mali yake. Kwetu mlango haukufungwa namna hiyo. Mike Okoth Origi alitoka Kenya Breweries akaenda Ubelgiji mwaka 1992, akacheza Oostende, baadaye akawa bingwa wa nchi hiyo na Genk mwaka 1999. Mwanawe Divock, aliyezaliwa Oostende, ndiye aliyeifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019. Mizizi ya bao lile, ukiichimba, utaikuta kwenye daftari la mishahara la kiwanda cha bia Ruaraka.

Kisha mambo yakaharibika, huku na huko kwa wakati mmoja. Ukomunisti ulipoanguka, kiwanda cha Mielec hakikuweza tena kubeba timu. Stal ikashuka daraja mwaka 1996, na mwaka uliofuata klabu ikavunjika ikiwa na madeni. Kwetu, milango ya biashara ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba ikajaa sokoni, usimamizi nao ukalegea. Kufikia mwaka 2000 mashine za Rivatex zilikuwa zimenyamaza. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hata leo, kwamba mashirika yetu yaliuawa na anasa za namna ya timu za mpira. Hatukubali. Mshahara wa makarani ishirini wanaojua kupiga kichwa haujawahi kuangusha kiwanda cha nguo.

Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda mwaka 2007. Mkopo wa India wa takriban dola milioni 30 ukaleta mashine mpya, na Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta akaja kukizindua upya. Kule Mielec, klabu iliyoanza tena kutoka madaraja ya chini ilirejea ligi kuu ya Poland mwaka 2020, baada ya miaka 24. Sisi tulikirudisha kiwanda, lakini Rivatex haijarudi ligi kuu. Mashine zilipata mkopo, nambari tisa hakupata hata viatu.

Na mpira wa kisasa, ule wa wadhamini, umetufikisha wapi? Agosti 2019 mdhamini SportPesa alijiondoa, na klabu kubwa za nchi zikaachwa zikihesabu senti za kiingilio. Mpaka leo habari za wachezaji waliokaa miezi bila malipo hazimshtui mtu. Kijana wa Langas mwenye kipaji cha kufunga anashauriwa na mamake atafute kazi, na mamake hana makosa.

Kwa hiyo tunalo ombi kwa bodi ya Rivatex na kwa chuo, wenye mali. Msianze na ndoto za ligi kuu. Anzeni na nafasi za kazi kumi na tano kwa vijana wenye ujuzi wa kazi na wa mpira, kwa masharti yaleyale ya zamani: zamu ya asubuhi, mazoezi alasiri, mshahara mwisho wa mwezi. Chuo kina walimu wa michezo na kina viwanja. Jezi mtafuma wenyewe. Siku ya jubilei, kabla ya wageni wa heshima kuketi, waiteni wachezaji wa 1990, wale walio hai, na majina yao yasomwe kwa kipaza sauti pamoja na idara walizofanyia kazi. Halafu pelekeni barua kwa New KCC, ambao kiwanda chao cha maziwa kingali hapa mjini, mwaulize kama wana watu kumi na mmoja.