Mkosi wa Nyumba ni Bei Yake

KIBARAZA CHA MIJI PACHA
Na Saumu Bakari Mwinyi

Sheria za Minnesota hazina mzaha na mtu anayeuza nyumba. Anatakiwa aeleze kwa maandishi kila kasoro anayoijua ambayo ingemsumbua mnunuzi: maji yanayoingia chini, paa linalovuja, kisima kilichosahauliwa uani, matokeo ya kipimo cha gesi ya radoni. Lakini kifungu cha 513.56 kinampunguzia mzigo. Halazimiki kusema kwamba kuna mtu alijiua mle, kwamba kuna aliyefia humo kwa ajali au kwa maradhi, wala kwamba nyumba inadhaniwa ina mizuka. Ndiyo, mizuka imo katika sheria ya jimbo. Na papo hapo, mstari unaofuata, halazimiki kusema kwamba mtaani kuna nyumba ya matunzo ya wazee au ya watu wenye ulemavu. Ninyi mnaoendesha nyumba hizo Brooklyn Park, Burnsville na kwingineko, na najua ni wengi, jueni kwamba wabunge wamewaweka fungu moja na mashetani.

Nimeitaja sheria hii kwa sababu mwaka huu maneno ya mkosi yamezidi. Mtu ametangaza nyumba Aprili, Agosti imefika, kibao bado kimesimama mbele ya nyumba, na mazungumzo ya msikitini na kanisani yamehamia kwenye kijicho. Huyu anasomesha Yasini, yule anamwita mchungaji apake mafuta kwenye miimo ya milango. Sina neno na dua. Nina neno na yule anayemaliza dua akarudi kwenye bei ileile.

Tukubaliane kwanza kwamba Minneapolis na Saint Paul hazina wingi wa nyumba. Madalali husema soko limetulia pale ambapo nyumba zilizotangazwa zingechukua kama miezi sita kumalizika. Hapa kwetu tuna miaka kadhaa hatujafika huko. Ukiniambia unauza fleti katikati ya jiji la Minneapolis nitakuelewa, kwa kuwa tangu 2020 watu wanafanyia kazi nyumbani, ofisi zimebaki na viti vitupu, na ada ya kila mwezi ya jumuiya ya wenye fleti inamtisha mtu kuliko mkopo wenyewe. Hapo nakupa pole. Lakini nyumba yenye uwanja na gereji, Brooklyn Center, Maplewood au Shakopee? Wanunuzi wapo. Walikuja wakavua viatu, wakazunguka, wakafungua kabati, wakashuka chini, wakapanda, wakaondoka. Kama hakuna aliyerudi, wameiona vizuri.

Bei ya wengi wetu haitoki sokoni. Inatoka kwenye deni lililobaki benki, likajumlishwa na gharama za jiko jipya, zikajumlishwa na fedha zinazotakiwa kumalizia ghorofa kule nyumbani, Kitengela, au kujenga ukuta wa kiwanja Kigamboni. Jumla hiyo ndiyo inaandikwa kwenye tangazo. Mnunuzi hajui Kitengela iko wapi, na akijua, haimhusu.

Halafu kuna kumbukumbu ya 2021. Mwezi Januari mwaka ule wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65, kiwango cha chini kuliko vyote tangu shirika la mikopo ya nyumba la Freddie Mac lianze kuweka hesabu hizo mwaka 1971. Nyumba zilikuwa zinagombewa. Watu walinunua bila hata kumwita mkaguzi, wakaongeza dola elfu ishirini au thelathini juu ya bei, na wale waliouza walitusimulia harusini mpaka tukachoka. Oktoba 2023 wastani ule ukafika asilimia 7.79. Umeshuka kiasi tangu hapo, ila haujarudi popote karibu na ule wa 2021.

Piga hesabu ya mkopo wa dola 300,000. Kwa riba ya asilimia 3, mnunuzi analipa kama dola 1,265 kwa mwezi, kabla ya kodi ya nyumba na bima. Kwa asilimia 7, mkopo uleule unamtaka karibu dola 1,996. Ukigeuza hesabu, mtu mwenye uwezo wa kulipa 1,265 kwa mwezi anabeba mkopo wa dola 190,000 tu kwa riba hiyo ya asilimia 7. Ni mnunuzi yuleyule, tuseme muuguzi, mwenye zamu zilezile mbili. Mshahara wake umepanda kidogo, lakini haukupanda kwa mwendo wa riba. Ukimwekea bei ya jirani yako aliyeuza enzi zile, unamtaka alipie kitu ambacho benki imeshamwambia hakiwezi.

Hapa ndipo muuzaji anapoanza kupunguza kama anayekamua limau lililokauka: dola elfu mbili leo, elfu mbili nyingine baada ya wiki tatu. Kila mtu mwenye simu anaona nyumba imekaa siku ngapi sokoni na imepunguzwa mara ngapi. Punguzo dogo dogo linamwambia mnunuzi asubiri kidogo, mwenye nyumba anazidi kulegea. Afadhali kushuka mara moja, mahali panapouma, mapema, watu wakaanza kuja upya.

Sasa twende chini, besimenti, maana huko ndiko nyumba zetu nyingi zinakokwama, na ni jambo tunalojifanyia wenyewe.

Sisi ni watu wa wageni. Binamu anafika na mizigo, shangazi anakuja kulea mtoto akakaa miaka miwili, mpangaji wa kanisani anataka chumba. Tunaita fundi tunayemjua, anasimamisha kuta za jasi, anaweka milango na zulia, na nyumba ya vyumba vitatu inakuwa ya vyumba sita. Wengine walifanya hivyo ili waanzishe nyumba ya matunzo, wakaongeza kufuli na taa za kutokea. Siku ya kuuza, tangazo linaandikwa vyumba sita. Mkaguzi akija, anahesabu vitatu.

Kwa nini? Chumba cha kulala kilicho chini lazima kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea wakati wa moto na ambalo mzimamoto aliyebeba mtungi wa hewa mgongoni anaweza kuingilia. Kanuni ya ujenzi inataka uwazi usiopungua futi za mraba 5.7, na kizingiti kisichozidi inchi 44 kutoka sakafuni. Kidirisha kile cha zamani kilicho karibu na dari, ambacho hata paka anakiingilia kwa shida, hakihesabiki. Ukitaka kukipanua, ukuta wa zege unakatwa kwa msumeno, udongo wa nje unachimbwa, kibali cha mji kinatakiwa, na gharama ni maelfu kadhaa ya dola kwa kila dirisha. Na kama kazi yote ya awali ilifanywa bila kibali, mnunuzi anajiuliza kuhusu nyaya za umeme zilizo nyuma ya ule ukuta mzuri. Ana haki ya kujiuliza. Mimi nisingenunua.

Ushauri wangu hapa hauwapendezi madalali wetu: andika vyumba vitatu. Mtu akija kwa matumaini ya vitatu akakuta nafasi nyingine ya wageni chini, anaondoka na furaha. Akija kwa sita akahesabiwa vitatu, anaondoka na hasira, hata kama nyumba ni ileile na bei ni ileile.

Radoni nayo inatusumbua bure. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba mbili kati ya kila tano hapa zina kiwango cha juu cha gesi hii, ambayo hutoka ardhini, haina harufu, na ni ya pili baada ya sigara kwa kusababisha kansa ya mapafu. Tangu Januari 2014 muuzaji anatakiwa kusema kama aliwahi kupima, alipata nini, na kama kuna bomba na feni ya kuitoa nje. Halazimishwi kupima. Wengi basi hawapimi, wakidhani kutojua ni ujanja. Mnunuzi atapima mwenyewe, na kiwango kikiwa juu atadai punguzo kubwa kuliko gharama ya bomba lenyewe, ambayo mara nyingi ni kama dola elfu mbili. Weka feni kabla ya kutangaza, useme umeiweka, jambo limekwisha. Vilevile paa: mvua ya mawe ya Minnesota imewatia adabu watu wa bima, na swali la kwanza siku hizi ni paa lina miaka mingapi. Na kwa walio ndani ya mipaka ya Minneapolis au Saint Paul, kuna ukaguzi ambao mji wenyewe unautaka kabla nyumba haijaanza kuonyeshwa watu. Usisubiri ofa ndipo uutafute.

Nimeulizwa na zaidi ya msomaji mmoja kama watoe picha za familia ukutani. Swali hili ni zito, maana picha zinaonyesha rangi ya mwenye nyumba, na wanaolijibu kwa wepesi wananikera.

Mji huu una historia. Kuanzia 1910 hati za nyumba Minneapolis zilianza kuandikwa masharti kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye mzungu, na mradi wa Mapping Prejudice wa Chuo Kikuu cha Minnesota umechora maelfu ya viwanja hivyo kwenye ramani. Huenda chako kimo. Mwaka 1931 Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na mkewe Edith walinunua nyumba ndogo namba 4600 Columbus Avenue. Julai ile maelfu ya wazungu waliizunguka usiku baada ya usiku, wakirusha mawe na kutukana, wakitaka wauze waondoke. Wakili wao alikuwa Lena Olive Smith, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa leseni ya uwakili katika jimbo hili. Familia ilishikilia hapo kwa muda kabla ya kuhama. Nyumba ingalipo, na tangu 2014 imo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria.

Na mambo hayo hayakuishia 1931. Mwaka 2020 wanandoa weusi wa Marin County, California, walithaminiwa nyumba yao dola 995,000. Wakaondoa kila dalili yao, rafiki mzungu akasimama mlangoni kama mwenye nyumba, na mthamini mwingine akaitaja karibu dola milioni moja na nusu. Kwa hiyo anayesema ubaguzi kwenye thamani ya nyumba ni visingizio, sina la kuzungumza naye.

Hata hivyo jibu langu ni: toa picha. Toa za kwako kama vile mzungu wa jirani anavyoambiwa atoe zake, kwa sababu mnunuzi anataka kujiona yeye kwenye kochi lile. Usipike samaki siku ya maonyesho, na ubani ufukizwe baada ya wageni kuondoka, si kabla. Na bei ya mthamini ikija chini ya ile ya nyumba zinazofanana na yako mtaani, usinyamaze. Mnunuzi anaweza kupitia kwa mkopeshaji wake kuomba tathmini iangaliwe upya, na dalali wako ndiye wa kuleta mifano ya mauzo. Asipojua kufanya hivyo, tafuta dalali mwingine.

Jambo la mwisho linawahusu wanunuzi ambao tunawafukuza wenyewe. Nimeona matangazo ya watu wetu yanayokataa aina fulani za mikopo, hasa ile ya serikali kwa wanaonunua kwa mara ya kwanza, kwa kuwa dalali amewaambia ina usumbufu. Usumbufu upo. Lakini ni nani anayetaka nyumba karibu na msikiti wako, karibu na duka la unga wa ugali na mihogo? Ni mtu kama wewe miaka kumi iliyopita. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilitenga dola milioni 150 kuwasaidia wanunuzi ambao wazazi wao hawakuwahi kumiliki nyumba, na mfuko mmoja ulitoa hadi dola 32,000 kwa mnunuzi. Wauzaji waliokataa kungojea makaratasi ya mfuko ule waliwakosa watu wenye kianzio mkononi.

Kwa Waislamu wanaokimbia riba, African Development Center, taasisi aliyoianzisha marehemu Hussein Samatar huko Cedar-Riverside, ilishirikiana na wakala wa nyumba wa jimbo kuleta njia ya murabaha: nyumba inanunuliwa kwanza, kisha mwenye haja anauziwa kwa bei ya juu inayojulikana tangu siku ya kwanza, akalipa kidogo kidogo bila riba. Makaratasi ya njia kama hiyo ni tofauti na yale aliyoyazoea dalali wako. Yasome kabla hujayakataa.

Theluji ya kwanza inaweza kuanguka Oktoba. Ikishaanguka, wanaozunguka kutazama nyumba wanapungua hadi Machi, na wewe utalipa gesi ya kupasha joto nyumba isiyolala mtu. Mwite dalali wako wiki hii. Mwombe orodha ya nyumba tatu zinazofanana na yako zilizouzwa miezi mitatu iliyopita, zilizouzwa, si zilizotangazwa, na uandike bei hiyo hata kama haitoshi kumaliza ghorofa Kitengela.