Nyimbo za Wazee Wetu na Zikusanywe



Baada ya kuwashibisha watu kwa mikate mitano na samaki wawili, Bwana wetu hakuwaacha wanafunzi waondoke mara moja. Aliwaagiza kwanza waokote mabaki, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Fundisho hilo latuhusu sisi waamini wa Likasi katika jambo ambalo kwa kawaida hatulihesabu kuwa la imani, yaani nyimbo za wazee wetu.

Mwaka 1952, mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta hapa kijana mzaliwa wa Bunkeya akipiga gitaa. Ndiye Mwenda Jean Bosco. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu aliweza kutoa sauti ambazo msikilizaji angedhani ni za wapigaji wawili. Wimbo wake «Masanga» ulivuka mipaka ya nchi, na mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1988 alirekodi tena nyimbo zake huko Cape Town, na baadaye zikatolewa katika albamu iitwayo Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Albamu yenye kukusanya kazi ya maisha yote ina faida ambayo wimbo mmoja maarufu hauna. Wimbo mmoja hutupatia furaha ya dakika tatu. Mkusanyo hutuonyesha mtu mzima, alivyokua katika ufundi, aliyoyarudia mara kwa mara, na Kiswahili cha Katanga alichokisema.

Lakini je, vikapu viko wapi? Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Albamu niliyoitaja ilitolewa Marekani. Tunawashukuru waliookota, maana bila wao tungebaki mikono mitupu. Hata hivyo, haifai mtoto wa Likasi aitegemee hisani ya mbali ili asikie sauti ya babu yake.

Wako ndugu wanaosema kwamba nyimbo za gitaa ni za baa na hazimhusu mwamini. Naiheshimu hofu yao, kwani katekista anajua ni nyumba ngapi zimevunjwa na ulevi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, uliagiza kwamba muziki wa jadi wa mataifa uheshimiwe na kupewa nafasi yake. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa kwa majimbo ya nchi yetu, ile tuiitayo ya Kizaire. Ngoma na vigelegele tunavyomtolea Mungu humo vilihifadhiwa na wazee kabla Kanisa halijavipokea altareni.

Tena hasara ipo hata ndani ya parokia zetu. Kwaya zetu zina watunzi ambao nyimbo zao huimbwa kila Dominika, lakini majina yao hayakuandikwa popote. Mtunzi akifa, wimbo hubaki yatima. Ubeti mmoja husahauliwa, kisha wa pili, na mwishowe wote.

Kwa hiyo napendekeza kila jumuiya iteue vijana wawili wa kuwatembelea wazee waimbaji, wakianza na wenye umri mkubwa zaidi. Wawarekodi kwa simu, nyimbo za kanisani na za kijijini pia. Waandike jina la mtunzi, mahali alipotoka, lugha ya wimbo na maana ya maneno magumu. Nakala moja itunzwe parokiani, nyingine ikabidhiwe familia, wala kisiuzwe chochote bila ridhaa ya mwenye wimbo.

Tarehe 31 Januari tunamwadhimisha Mtakatifu Yohane Bosko, rafiki wa vijana, ambaye Mwenda alibeba jina lake. Siku hiyo ingefaa kwa vijana kuwasikilizisha wazee yale waliyoyakusanya, ili wazee wasahihishe palipokosewa wangali hai.