NZI HUYU SI MNAFIKI



Ndugu zangu wanafunzi, mwaka huu katika moja ya darsa zetu tulipigiwa mfano wa nzi anayefanana na nyuki. Tukaambiwa: mtazameni huyu, amevaa nguo ya nyuki, kumbe ni muuaji wa nyuki, basi huyo ndiye mnafiki. Mfano ulitupendeza. Lakini wiki ile ile niliwaona wadogo zetu kwenye baraza ya madrasa, viatu mkononi, wakiwapiga wadudu weusi wanaoruka karibu na boriti, huku wakipiga kelele, "Mnafiki! Mnafiki!" Nikaokota waliouawa. Wote walikuwa nyuki.

Kwanza tumjue nzi mwenyewe. Yupo kweli, tena hapa kwetu Afrika. Ni katika jamii ya nzi wawindaji, ambao wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zao zaidi ya 7,000 duniani. Wengi hawafanani na nyuki hata kidogo. Lakini wapo wanene, weusi, wenye manyoya, waliofanana mno na yule nyuki mkubwa anayetoboa mbao na kuweka watoto wake ndani. Nzi mwindaji hutulia juu ya kijiti au gogo kavu, akigeuza kichwa huku na huku. Mdudu akipita, humrukia na kumdaka hewani kwa miguu yenye miiba, kisha humchoma kwa mdomo mgumu kama sindano. Mate yake humlegeza yule mdudu na kuyeyusha nyama ya ndani, naye huifyonza kama mtu anywaye dafu. Na huyu aliyefanana na nyuki wa mbao ana jambo zaidi: mabuu wake hukua ndani ya matundu ya nyuki hao na kuwala watoto wao.

Kwa nini afanane naye? Wako wasemao ni ili awakaribie nyuki bila ya kushtukiwa. Wengine husema ni kinga: ndege aliyewahi kuchomwa na nyuki hatamgusa nzi huyu. Mimi naona kauli ya pili ina nguvu, kwa sababu nzi wawindaji hula wadudu wa kila namna, na wengi hushiba vizuri bila ya kufanana na mtu.

Sasa, je, huyu ni mnafiki? Alama za mnafiki tumezisoma sote: akizungumza husema uongo, akiahidi havunji ila ahadi, akiaminiwa hufanya khiyana. Nzi hakuwaahidi nyuki kitu. Hakuwekewa amana. Hana taklifu, na nguo ile hakuichagua. Ametoka nayo kwenye ganda lake kama alivyoumbwa. Unafiki ni dhambi ya mwenye akili na hiyari. Tukimtwisha mdudu, tunaifanya nyepesi, kana kwamba ni rangi ya mgongoni. Nasema haya kwa heshima zote kwa aliyetoa mfano, na kama nimekosea anisahihishe.

Lililoniuma zaidi ni wale nyuki. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (r.a.), Mtume (s.a.w.) amekataza kuua wanyama wanne, na nyuki ni mmojawapo. Tena nyuki hawa wa mbao ndio wanaofaa hasa kwa maua ya pasheni. Ua lile ni kubwa, na mdudu mdogo huchukua utamu akaondoka bila ya kugusa unga wake. Pasheni tunazokula wakati wa mapumziko zinatoka kwenye ua wa madrasa hii hii.

Basi kabla ya kuvua kiatu, tazama. Nyuki ana mabawa manne, nzi ana mawili. Hili si rahisi kuliona, kwani mabawa ya nyuki kila upande hushikana yakaonekana moja. Tazama vipapasio: vya nyuki ni virefu, vimepinda kama kiwiko, vya nzi huyu ni vifupi. Macho ya nzi ni makubwa, na katikati yake pana kibonde, chini yake ndevu. Tazama na mwendo: nyuki huenda ua kwa ua, nzi hukaa akavizia, akiruka hurudi pale pale. Usimshike kwa mkono. Nzi huyu hana mwiba wa nyuma, lakini mdomo wake unauma.

Nimewaomba wadogo zetu wa darasa la pili waweke daftari kwenye baraza na kuandika kila wanachokiona kwenye boriti ile. Mpaka naandika haya wamepata nyuki sita, nyigu wawili na nzi mmoja, naye alikuwa nzi wa jikoni tu.