Biashara Isiyo ya Faida: Mali Iwe ya Nani?

Wako watu wengi katika Kenya wafanyao biashara bila nia ya kugawana faida. Hununua cherehani, hushona sare za shule na kuziuza, na fedha ipatikanayo huwalipia karo watoto wa maskini. Kazi hiyo ni njema sana, lakini mara nyingi huanzishwa kwa moyo tu, wala hapana aulizaye mwanzoni swali lililo kubwa kuliko yote: mali hii ni ya nani?

Swali hilo huja kuulizwa baadaye, tena mahali pabaya, yaani matangani. Mwenyekiti amefariki. Ploti ya karakana iliandikwa kwa jina lake, kwa kuwa siku ya kuinunua hapakuwa na jina jingine la kuandika. Sasa wanawe waja na hati mkononi, na si haki kuwaita wezi, kwani karatasi yasema kwamba ploti ni ya baba yao.

Uingereza ilitunga sheria maalum kwa biashara za namna hii, na tangu mwaka 2005 ziko kampuni za manufaa ya jamii ambazo mali yake hufungwa na sheria isipate kugawanywa. Kenya haina sheria kama hiyo. Kwa hiyo wenye nia hii hawana budi kuchagua nyumba miongoni mwa zile zilizojengwa kwa ajili ya wengine.

Nyumba iliyo karibu ni kikundi cha jamii, kinachoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2022 kwa maofisa wa maendeleo ya jamii. Watu kumi watosha. Hufaa kwa kuanza na kwa kufungua akaunti benki. Lakini kabla ya kununua ardhi yafaa kuuliza hati itaandikwa kwa jina la nani. Vivyo hivyo chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, si mtu mbele ya sheria, na ardhi yake haina budi kushikwa na watu kwa niaba yake.

Chama cha ushirika nacho huhitaji watu kumi, na kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Ikiwa washonaji wenyewe ndio wanaokusudiwa kunufaika, hapana nyumba bora kuliko hiyo. Ikiwa faida ni ya watoto wa watu wengine, haifai, kwani ushirika uliumbwa kuwanufaisha wanachama wake.

Kwa wale wa karo, kampuni yenye dhamana yastahili kufikiriwa. Haina hisa, kwa hiyo hakuna hisa ya kurithiwa wala ya kuuzwa. Kila mwanachama huahidi fedha kidogo tu, mathalani shilingi 100, kuzilipa kampuni ikivunjwa. Lakini katiba yake hapana budi iseme waziwazi kwamba faida haitagawanywa, na kwamba kampuni ikivunjwa mali itakwenda kwa shirika jingine lenye nia hiyohiyo. Kila mwaka taarifa zipelekwe kwa Msajili wa Makampuni, na kazi hiyo ina gharama. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, nayo yaruhusu biashara, mradi mapato yote yatumike kwa kusudi la shirika.

Wengi hudhani kwamba jina la hisani laondoa kodi. Sivyo. Msamaha huombwa kwa Mamlaka ya Ushuru, na cheti chake hudumu miaka mitano. Tena mapato ya biashara husamehewa kwa masharti: yatumike yote kwa kusudi la hisani, na zaidi ya hayo biashara iwe ndiyo hisani yenyewe, au kazi yake ifanywe hasa na wale wanaosaidiwa, au mapato yawe ya kodi ya ardhi au nyumba. Kwa hiyo karakana ambamo mafundi ni wale maskini wenyewe yaweza kusamehewa. Ile iliyoajiri mafundi wa kawaida ili faida ilipe karo huenda ikatozwa.

Na wale ambao ploti yao imekwisha kuandikwa kwa jina la mwenyekiti? Wasingoje. Kwanza chombo chenye nafsi ya kisheria kiandikishwe, iwe kampuni au wadhamini walioandikishwa chini ya Sura ya 164, ambao mmoja wao akifa ardhi haihami. Kisha uhamisho ufanywe mwenye jina angali hai, mkewe akijua na kukubali. Na kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe kabla ya miezi sita kupita tangu mapatano.