Mwaluganje: Mwenye Shamba Asisahauliwe

Kila panapozungumzwa habari ya kurejesha misitu na wanyama, sisi Wapwani huonyeshwa picha za viongozi wakipanda miche. Mimi swali langu ni moja: ardhi ni ya nani, na mwenyewe anapata nini?

Kule Kwale jibu lilipatikana tangu miaka ya 90. Ndovu wa Shimba Hills wana njia yao ya zamani ya kwenda msitu wa Mwaluganje, na njia hiyo ilipita kwenye mashamba ya Wadigo na Waduruma. Mahindi yakiliwa usiku, na watu walikuwa hatarini. Wenye mashamba wakakubaliana na KWS: wakaacha kulima, wakaunganisha vipande vyao kuwa hifadhi, nayo ikafunguliwa mwaka 1995. Ardhi ilibaki yao. Kila mmoja akawa na hisa, na pesa za kiingilio zikawa za kugawana. Palipolimwa pakarudi kichaka, ndovu wakapata pa kupita.

Mpango huu naupenda. Lakini mgawo umefungwa kwa mtalii, na mtalii ana msimu wake kama kaskazi. Baada ya uchaguzi wa 2007 alikimbia. Mwaka 2020 korona ikamzuia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni asipokuja? Ndovu hapunguzi kula kwa kuwa hoteli za Diani ni tupu, na karo ya shule haingoji.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Kwenye karatasi ni haki, ila malalamiko ya kungoja miaka yamejaa nchi nzima.

Kwa hivyo naona serikali ya kaunti na ile ya kitaifa zimlipe mwenye shamba kodi ya kila mwaka kwa kila ekari aliyoiacha, watalii waje wasije. Fidia itoke kwa wakati. Na mkataba wowote mpya usomwe baraza, kwa lugha ambayo mzee wa kijiji anaielewa, kabla hajatia kidole gumba.

Ndugu zangu, tusijidanganye. Mwenye shamba akichoka atauza, na atakayenunua atajenga ukuta. Hapo njia ya ndovu itakuwa imekatika, na miche yote ya viongozi haitaiunga tena.